Kuzima na Kufuta

Sene 12
Mvua imeshika. Gashe Demissew, mwenye duka, kanipa daftari lililolowa jalada, haliuziki tena. "Andika, Zebideru," kaniambia. "Mtu asiyelia aandike, la sivyo ataoza kwa ndani." Yeye anauza madaftari na kutoa fotokopi. Mimi nina meza moja mlangoni kwake, natengeneza simu. Tumekaa hivyo miaka sita hapa Dessie, kwa hiyo ana ruhusa ya kunisema.

Mama yangu alifariki wiki mbili kabla ya Pasaka. Sikulia msibani, sikulia makaburini, na mpaka leo sijalia. Majirani walilisema hilo mpaka wakachoka. Si kwamba najikaza. Sisikii kitu, kama fizi iliyochomwa sindano ya ganzi.

Leo nimebadilisha vioo viwili.

Sene 15
Mvua. Kioo kimoja.

Sene 19
Msimu huu watu hukaa ndani na kupakua kila kinachong'aa, halafu simu zinajaa, halafu wanakuja kwangu. Kazi yangu kubwa kiremt yote, miezi hii ya mvua, ni kuondoa apu. Mwalimu mmoja wa hesabu kaja na tochi nne kwenye simu moja.

"Mwalimu, tochi nne za nini?"

"Umeme ukikatika, moja ikigoma nyingine ipo."

"Zote zinawasha taa ileile moja, mwalimu."

Kafikiri kidogo. "Basi niachie mbili."

Nikamwachia mbili. Zamani ningecheka.

Sene 22
Emama Tewabech kaja, yule mama mtu mzima anayesokota pamba nyuma ya kanisa la Medhane Alem. Tundu la chaji lilikuwa limejaa nyuzi za pamba. Nikalichokoa na sindano huku ananisimulia. Bintiye Simegn yuko Beiruti mwaka wa nne, anafanya kazi za ndani. Madam wake humpa simu na mtandao siku moja tu kwa mwezi, na Simegn kajichagulia tarehe ishirini na moja, siku ya Mariamu. Kwa hiyo jana kapiga.

"Mkataba wake unaisha Meskerem," Emama kasema. "Madam anataka aweke sahihi miaka miwili tena. Jana kaniuliza, mama, nirudi au nitie sahihi? Mimi nikamwambia niache nifikiri, nitakujibu Mariamu ijayo."

"Na utamjibu nini?"

"Arudi. Nilijua hata jana. Lakini mtoto akikuuliza jambo kubwa, huwezi kujibu papo hapo kama unayeuza nyanya."

Nikampa simu. Kanibariki kwa urefu. Sikusikiliza baraka zote.

Hamle 2
Mvua.

Hamle 5
Mvua. Gashe Demissew kasema ukuta wa nyuma unalia kuliko mimi.

Hamle 9
Hakuna mteja hata mmoja. Nimesafisha bisibisi zote.

Hamle 14
Vioo vitatu, na simu saba za kupunguza apu. Ya mwisho ilikuwa ya Emama Tewabech. Mpwa wake alimpa simu ile ikiwa na kila uchafu: michezo ya peremende, apu ya kusafisha simu ambayo yenyewe ndiyo uchafu, apu ya kukupima mapigo ya moyo kwa kidole. Ilikuwa nzito, haifunguki. Nikaziondoa moja moja, naye ananisimamia.

"Na hii," kasema akigusa kioo, "inanililia katikati ya misa. Padre kanitazama. Atfiw."

Nikaitoa.

Hamle 20
Mvua ya mawe. Vitunguu vya watu sokoni vimeharibika.

Hamle 21
Siku ya Mariamu. Sikwenda kanisani.

Hamle 23
Emama kaja asubuhi, shali imelowa mpaka kiunoni. Kaweka simu mezani kwa mikono miwili.

"Simegn hakupiga. Nimekaa nayo mapajani toka alfajiri mpaka giza. Angalia, mwanangu. Labda imeugua."

Nikaangalia. Nilijua kabla sijamaliza kuangalia. Ile apu iliyokuwa ikimlilia misani ndiyo Simegn aliyoitumia kumpigia. Kila mtu aliyejiunga nayo, ikilia. Kila tangazo, ikilia. Alitaka iache kulia, basi.

Lugha yetu hii. Atfiw ya kuzima taa ni neno lilelile la kufuta jina ubaoni. Kwenye meza hii kila siku nauliza, "Nizime au nifute?" Ni swali la kwanza nililofundishwa, na nimewafundisha wengine wawili. Siku ile sikuuliza. Sikuwa na haraka wala sikuwa nimechoka. Sikujali tu.

Nikajaribu kuirudisha hapohapo. Ikashuka, ikafunguka, ikaomba tarakimu sita zilizotumwa kwa namba iliyosajiliwa. Namba yenyewe ni ya laini ya zamani, ambayo Emama aliiacha mwaka jana ikafa. Namba ya Simegn haiko kwingine kokote. Ilikuwa mle ndani. Dalali aliyempeleka Beiruti alishahama, hajulikani aliko.

"Ni nini?" Emama kaniuliza.

"Mtandao," nikasema. "Mvua imeharibu mtandao. Utarudi."

"Mungu akubariki," kasema.

Hamle 24
Emama kaja. Nimesema mtandao.

Hamle 26
Emama kaja. Mtandao.

Hamle 28
Leo hakuuliza. Kakaa kwenye kigoda karibu na mashine ya fotokopi, kasokota pamba mpaka saa tisa. Gashe Demissew kamwagizia chai. Simu ilikuwa mapajani mwake, juu ya kitambaa.

"Zebideru," Gashe kaniambia Emama alipoondoka, "huo mtandao wako mbona umekatika kwake peke yake?"

Nikamwambia kioo cha mteja kinanisubiri.

Nehase 1
Mfungo wa Filseta umeanza. Mvua.

Nehase 3
Nimeipigia ile namba ya zamani. Imeita. Imepokelewa na mwanamume mwenye sauti ya kikohozi. Namba za laini zilizokufa huuzwa upya, na hii kauziwa yeye. Anaitwa Shewangizaw, mlinzi wa kinu cha unga kule Kombolcha.

Nikamweleza. Nilieleza vizuri, nadhani: utapokea ujumbe wenye tarakimu sita, nisomee tu, ni kwa ajili ya mama mmoja.

"Dada," kasema, "redio inatuambia kila siku saa moja, tusimsomee mtu tarakimu. Na wewe unaniambia nisome tarakimu."

"Si za kwako. Ni za simu ya mama mmoja."

"Matapeli wote huwa na mama mmoja. Wiki jana alikuwa mgonjwa, sasa anataka kuongea na binti. Na sauti yako hata haitetemeki. Tapeli wa kweli angalau hujitahidi."

Kakata.

Nehase 4
Nimempigia tena. Kakata.

Nehase 6
Nimempigia kwa simu ya Gashe Demissew. Katukana kidogo, kwa adabu, kisha kakata.

Emama kaja. Kapungua. Wanasema ni mfungo.

Nehase 10
Emama kaniuliza kama mtu akimkasirikia mamake anaweza kukaa karibu miezi miwili bila kupiga. Nikasema sijui. Kasema, "Nilichelewesha jibu. Kaniuliza neno moja nami nikajifanya nafikiri." Pamba ilikatika mara tatu mkononi mwake. Mimi nilikuwa natazama skrubu.

Nehase 13
Sikukuu ya Buhe. Mtaani watoto wanaimba. Tumefunga mapema.

Nehase 16
Mfungo umekwisha. Jirani kaniletea mchuzi wa kuku. Nimekula bila kusikia ladha, kama nilivyokula tangu Pasaka.

Nimekaa nikafikiri siku tano zijazo. Mariamu itafika, Emama atakaa na ile simu mapajani toka alfajiri. Kule upande wa pili binti anapiga, anauliza nirudi au nitie sahihi, na hakuna wa kumwambia. Nilitafuta ndani yangu kitu cha kunisukuma, huruma au hofu, sikukipata. Basi nitakwenda bila kusukumwa.

Nehase 18
Nimekwenda nyumbani kwake. Nyumba ni chumba kimoja, safi, nguo za Simegn zimekunjwa juu ya sanduku. Alikuwa akikaanga buni. Sikungoja kikombe cha kwanza.

"Emama, atefahu."

Kwetu hilo nalo ni neno moja. Nimefuta, nimekosa. Kasikia la pili kwanza.

"Umekosa nini, mwanangu?"

"Ile apu. Uliniambia niizime, mimi nikaifuta. Simegn alikuwa mle. Si mtandao. Haukuwa mtandao hata siku moja."

Alitikisa kikaangio. Buni zilianza kuungua, akaziipua, akaziweka chini, akazitazama.

"Tangu lini unajua?"

"Tangu siku ile ya kwanza."

"Na ukaniacha nidhani mwanangu kanikasirikia."

"Ndiyo."

"Kwa nini?"

Nilitaka kumpa sababu. Ningesema niliogopa, lakini sikuogopa. "Tangu mama afe," nikamwambia, "nafanya mambo kama mtu anayefagia nyumba ya wengine."

Nilidhani atanifukuza, na ingekuwa haki yake. Kasema, "Mimi nimezika watoto watatu na mume. Najua hiyo ganzi. Lakini hakuna siku nilimwambia mtu mvua imeharibu mtandao." Halafu kamwaga buni zilizoungua, kaweka nyingine. Tukanywa vikombe vyote vitatu vya desturi, nikamsimulia habari za namba yake ya zamani na mlinzi aliyeuziwa. Kikombe cha mwisho kaniuliza, "Huyo mlinzi anakaa wapi?"

Nehase 19
Emama kashikwa na homa. Kulowa kote kule.

Nehase 21
Mariamu. Homa bado. Nimekaa naye. Simu iliwekwa juu ya blanketi, kwa mazoea. Hakuna aliyeitazama.

Nehase 25
Anakunywa uji.

Nehase 27
Siku ya Medhane Alem. Emama kasimama mwenyewe. Kasema twende kesho. Nikamwambia kesho hataweza.

Nehase 30
Barabara ya Kombolcha imefungwa kwa maporomoko. Tumerudi.

Pagume 2
Umebaki mwezi huu wa siku tano tu, kisha mwaka mpya. Barabara imefunguliwa. Kesho.

Pagume 3
Siku ya Rufaeli. Watu walikuwa nje wanajimwagia mvua ya baraka, wakubwa kwa wadogo, na sisi tukashuka Kombolcha tukiwa tumekwisha barikiwa mpaka soksi.

Kinu tulikipata kwa kuuliza mara mbili. Shewangizaw ni mwembamba, ana koti la jeshi lisilo na vifungo. Nilipotaja jina langu, kapiga hatua nyuma.

"Ni yule wa tarakimu," kamwambia mkewe, aliyekuwa mlangoni pa kibanda na ungo. "Sasa kanifuata mpaka nyumbani."

"Na huyu bibi ni nani?" mkewe kauliza.

"Ndiye yule mama mmoja," nikasema.

Emama hakumsalimu mlinzi. Kamsalimu mke, kwa salamu ndefu: umeamkaje, watoto wameamkaje, mvua imewatendea vipi. Mke kajibu zote. Halafu kamgeukia mumewe. "Wewe, tapeli gani anakuja na mamake miguu imelowa hivi? Waingize."

Tuliingia. Mlinzi kaitoa simu yake mfukoni kana kwamba anatoa mkufu wa mkewe. Nikabonyeza, ujumbe ukaingia kwake. Kausoma kimya kwanza, midomo ikicheza.

"Nikisoma, hamtanichukulia kitu?"

"Una kitu gani wewe?" mkewe kasema.

Kasoma. Tarakimu sita. Nikaziandika. Apu ikafunguka.

Ilikaa kidogo, halafu ikaanza kulia. Ililia kama siku ile misani, mfululizo, ujumbe mmoja juu ya mwingine, na Emama kaweka kiganja juu ya simu kama anayembembeleza mtoto mchanga. Zote zilikuwa za Simegn. Zote za sauti. Emama hajui kusoma.

Nikafungua ya kwanza. Hamle 21. "Mama, pokea. Nina dakika chache. Mama, niambie basi." Ya pili, siku ileile: "Labda umeenda kanisani. Madam anataka simu yake." Halafu zikanyamaza mpaka Nehase 21. Hapo aliongea kwa sauti ya chini, na nyuma yake maji ya bomba yalikuwa yanamwagika. Amejifungia bafuni.

"Naona ujumbe wangu haufiki. Ni alama moja tu, haiongezeki. Zinash wa ghorofa ya tatu aliniambia hivyohivyo ndivyo alivyojua mamake kafa. Kwanza simu inanyamaza, habari inakuja baadaye. Mama, nimejua. Hapa siwezi kupiga yowe. Nimefungua maji nikulilie kidogo."

Na akamlilia. Alimlilia kama tunavyolia kwetu, kwa mistari, akivuta pumzi kati ya mstari na mstari, lakini kwa kunong'ona.

"Mama yangu wa pamba nyeupe, nani atanisokotea sanda.
Mama uliyenipa maziwa, mimi sikukupa hata maji.
Waliokuosha ni akina nani, mikono yao ilikuwa ya moto au ya baridi.
Nilikuuliza neno moja, umeondoka nalo."

Ikaendelea hivyo. Mke wa mlinzi alianza kulia kwenye mstari wa pili, mlinzi kwenye wa tatu, akatoka nje. Mimi nilishika simu juu, karibu na sikio la Emama, maana anasikia vizuri upande wa kulia. Mkono wangu ulikuwa umetulia kabisa. Niliona mkono wangu umetulia na nikauchukia.

Ya mwisho ilikuwa ya Nehase 27. Sauti yake ilikuwa kavu. "Madam kanipa simu leo kwa sababu nimetia sahihi. Miaka miwili. Nimetia kwa sababu sina wa kumrudia. Sijui nakwambia nani."

Nje kinu kilikuwa kinasaga.

Nehase 27 mpaka leo ni siku sita. Nimezihesabu kwa vidole, palepale, mbele yao. Mtandao wangu wa uongo ulichukua siku ishirini na tano.

"Miaka miwili," Emama kasema hatimaye. Kafuta uso kwa ncha ya shali. "Zebideru, wao kule Beiruti si wako mbele yetu miaka minane kwa kalenda?"

"Minane, Emama."

"Basi kwa hesabu yao mwanangu kesharudi zamani. Sisi ndio tumechelewa." Mke wa mlinzi alicheka na kulia pamoja. Emama hakucheka. "Nishikie hicho kidude niongee."

Nikabonyeza.

"Simegn. Ni mimi. Nimekusikia ukinililia, umenililia vizuri. Nikifa kweli usirudie, hiyo inatosha. Jibu lilikuwa rudi. Lilikuwa rudi tangu siku uliyouliza. Sahihi ni sahihi, fanya kazi, usigombane na mtu. Mimi nipo, nakula." Kasita. "Inaenda au inasikiliza tu?"

"Ukimaliza naipeleka."

"Peleka."

Pagume 5
Hajajibu. Hana simu mpaka Madam apende. Mvua imepungua.

Meskerem 1
Mwaka mpya. Jua. Duka tulifungua nusu siku, kwa ajili ya wanaotaka salio la sikukuu. Emama kaja saa tatu, gauni jeupe, kakaa kwenye kigoda chake. Kasema alitaka kuwa karibu na fundi endapo kitu kitagoma.

Saa tano simu ikalia.

Niliibonyeza mimi. Uso ukatokea, mpana, kitambaa kichwani, nyuma yake vigae vya jikoni. Madam kampa dakika kumi kwa sababu ya sikukuu yetu. Simegn na Emama walitazamana, na bando likaenda, na Gashe Demissew akazima mashine ya fotokopi. Halafu wakaanza wote kwa pamoja, na sikuandika hapa walichosema, si cha kwangu.

Zilipobaki dakika mbili, Emama aligeuza simu. "Huyu ndiye," kasema.

Nilikuwa nimeandaa maneno. Siku tatu niliyaandaa, yalikuwa mengi, yalikuwa na mpangilio. Simegn alinitazama. Ni mdogo kwangu kwa miaka kumi, macho yake ni ya mtu aliyekesha.

"Wewe ndiye uliyefuta?"

"Mimi."

"Na ukakaa kimya."

"Ndiyo."

Sauti ya mwanamke ilimwita kutoka chumba kingine, kwa Kiarabu. Hakugeuka.

"Mama anasema anakula. Anakula kweli?"

"Uji anakula. Nyama hataki."

"Ukisaga nyama ukachanganya na mchuzi wa shiro hatajua." Kaangalia kando, karudi. "Nimeshampoteza mara moja, dada. Miaka miwili hii ni yako, umtunze wewe. Umesikia? Kila siku. Siyo Mariamu hadi Mariamu."

"Nimesikia."

"Sema."

"Kila siku," nikasema, na sauti yangu ikatetemeka. Nilishangaa, nikarudia ili nisikie vizuri. "Kila siku."

Picha ikaganda, ikapotea. Emama akaifunga simu ndani ya kitambaa. Nilifunga meza, nikavaa viatu vya mvua ingawa jua lilikuwa kali, tukaenda buchani.